Kutu ya chasisi na saspensheni iliyochoka kwenye SUV ya miaka mingi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wenye SUV za zamani hulalamika karibu kwa maneno yale yale: gari linagonga likipita kwenye matuta, limelala upande mmoja, tairi zinaliwa ukingo wa ndani, usukani umelegea. Spea zinabadilishwa moja baada ya nyingine. Halafu siku moja gari linapandishwa juu, fundi anamulika tochi na kumwita mwenyewe aje aone. Majibu haya yameandikwa ili siku hiyo iwahi kufika, wakati chuma bado kinaweza kuokolewa.

Gari linagonga chini. Ninunue shokapu mpya?

Usinunue kitu kwanza. Shokapu hulaumiwa mapema kwa sababu ndiyo inayojulikana na wengi, lakini kugonga kwenye mashimo madogo, ukienda polepole, mara nyingi kunatoka kwenye linki za stabilaiza (vyuma vifupi vinavyoshika fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona), bushi (mipira ya viungo) za mikono ya chini, yaani vyuma vinavyounganisha gurudumu na chasisi, au boljointi, kiungo cha mpira wa chuma kinachoruhusu gurudumu kugeuka. Shokapu iliyokufa ina dalili zake: gari linaendelea kudunda baada ya kupita tuta, pua inazama sana ukikanyaga breki, na mwili wa shokapu umelowa mafuta. Ikiwa umepata vumbi kavu tu na gari linatulia mara moja, tafuta kwingine.

Na kabla ya kulipia spea yoyote, angalia chuma ambacho spea hiyo imefungwa. Shokapu inashikwa na kishikio kilichochomelewa kwenye chasisi. Mkono wa chini unashikwa na bolti mbili kwenye masikio, yaani vishikio vyenye tundu, ya chasisi au ya fremu ndogo ya mbele. Masikio hayo yakiwa yameliwa, shokapu bora kuliko zote itagonga vile vile, na siku moja itang'oka na kipande cha chuma. Wapo watu waliomaliza kubadilisha saspensheni yote, kisha wakaambiwa chasisi imekwisha. Pesa ile hairudi. Chasisi hukaguliwa kwanza, saspensheni inafuata.

Mbona bodi inang'aa na chasisi inaoza?

Kwa sababu havikulindwa sawa. Mabati ya bodi ya magari mengi yamepakwa zinki, yakachovywa kwenye praima, kisha yakapata tabaka kadhaa za rangi. Chasisi ya ngazi, yaani mihimili miwili mirefu iliyounganishwa kwa vyuma vya kupita, kwa kawaida hupata rangi nyeusi au nta tu, na mihimili yenyewe ina uwazi ndani. Matundu yaliyoachwa kiwandani ili maji yatoke ndiyo hayo hayo yanayoingiza tope. Tope likishajaa kwenye pembe za ndani linakaa na unyevu kwa wiki nyingi, hata nje kukiwa kukavu kabisa.

Kutu inahitaji chuma, maji na hewa. Ikishaanza haijizuii yenyewe, kwa sababu inachukua nafasi kubwa zaidi ya chuma kilicholiwa: inafura, inabanduka kama magamba, na chuma kipya kinabaki wazi kuliwa tena. Ndiyo maana muhimili unaweza kuonekana mnene kuliko ulivyotoka kiwandani ilhali chuma chenyewe kimebaki chembamba.

Chumvi inahusikaje?

Chumvi ikiyeyuka hufanya maji yapitishe umeme kwa urahisi, na kutu ni kazi ya umeme mdogo unaotembea ndani ya chuma chenyewe. Pia hunasa unyevu wa hewani, kwa hiyo uso wenye chumvi haukauki vizuri. Inatoka mahali pawili: barabara za nchi za baridi zinazomwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, na bahari. Gari lililoishi miaka 10 kwenye barafu linabeba historia hiyo popote litakapopelekwa, kwa sababu chumvi iliyoingia ndani ya mihimili haitoki kwa mvua ya kawaida. Joto nalo huharakisha kutu. SUV iliyolowa maji ya chumvi na kulazwa kwenye banda lenye joto inaoza haraka kuliko iliyoachwa nje kwenye baridi kali.

Niangalie wapi hasa?

Hapa ndipo ningependa usome polepole.

Egesha mahali bapa, zuia tairi kwa vigingi, weka gari juu ya stendi imara. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Na jeki isiegemee mahali unapopashuku. Chasisi iliyooza hubonyea na gari linateremka. Ukiweza kukodi nafasi kwenye gereji yenye lifti, fanya hivyo.

Anzia nyuma. Juu ya ekseli ya nyuma chasisi hupinda kwenda juu ili kuipa ekseli nafasi, na mpindo huo unarushiwa maji na mawe na tairi zote mbili. Angalia vikombe vinavyokaliwa na springi, vishikio vya shokapu, na masikio ya mikono inayoshika ekseli. Ikiwa gari lina springi za vyuma bapa vilivyopangwa, angalia pingu zinazoziunganisha na chasisi, na nafasi kati ya chuma na chuma: kutu ikijaa pale inavisukuma viachane.

Halafu chuma cha kupita kinachobeba tairi la akiba. Kinasahaulika kwa sababu tairi linakificha. Mwaka 2009 Toyota iliita tena pikapu za Tundra za 2000 hadi 2003 nchini Marekani, yaani iliwataka wenyewe wazirudishe zirekebishwe bure, kwa kuwa kutu kwenye chuma hicho ingeweza kuangusha tairi la akiba barabarani. Teremsha tairi, angalia juu yake.

Sogea katikati, juu ya tangi la mafuta. Tangi hufunika muhimili na kushika tope, na jicho halifiki bila kioo kidogo au kamera ya simu. Kisha mbele: masikio ya mikono ya chini, pale boksi la usukani lilipofungwa, na kwenye magari yenye springi ndefu za mbele, sehemu ya juu ndani ya boneti inayoshika springi hizo. Bati la hapo likipasuka, springi inasukuma juu na usukani unabadilika tabia.

Chukua nyundo ndogo. Gonga ukitembea na muhimili kutoka mwanzo hadi mwisho. Chuma kizima kinalia mlio mkali unaoenea. Kilichooza kinatoa mlio mfu, na magamba yanaanguka. Ukisikia yanamwagika ndani ya muhimili, kutu iko ndani. Penye shaka sukuma kwa bisibisi butu kwa nguvu za mkono. Ikizama, jibu umelipata. Usione aibu kutoboa: tundu ulilofungua lilikuwapo, rangi tu ndiyo iliyokuwa imelifunika.

Piga picha kila mahali, zikiwa na tarehe. Baada ya miezi sita zitakueleza kama kutu inatembea au imesimama.

Nitajuaje kutu ya juu tu na kutu iliyokula chuma?

Sugua kwa brashi ya waya. Ya juu inaondoka na kuacha chuma cha rangi ya kijivu chenye uso karibu laini. Hiyo karibu kila gari la umri huo inayo na haistahili kukunyima usingizi. Iliyokula inatoka kwa vipande na kuacha mashimo mashimo, au kingo za chuma zimekuwa nyembamba kama karatasi. Chuma cha mihimili ya magari haya kwa kawaida ni milimita chache tu, kwa hiyo kupoteza milimita moja ni hasara kubwa.

Mahali nako kuna uzito wake. Tundu dogo kwenye bati la kukinga matope ni kero tu, ila tundu lile lile karibu na sikio la mkono wa chini ni hatari. Ukaguzi wa magari wa Uingereza unafuata hoja hiyo: kutu inayopunguza nguvu ya chuma ndani ya sentimita 30 kutoka pale saspensheni, usukani au mkanda wa usalama ulipofungwa hulifelisha gari. Hata kama kwenu hakuna ukaguzi wa namna hiyo, sentimita 30 ni kipimo kizuri cha kujiwekea.

SUV yangu haina chasisi ya ngazi, bodi na chasisi ni kitu kimoja. Nimepona?

Hapana. Umebadilisha mahali pa kuangalia. Magari haya yana fremu ndogo mbele, na mara nyingi nyuma pia, zinazobeba mikono ya saspensheni, na mabati ya sakafu yaliyokunjwa ndiyo yanafanya kazi ya mihimili. Mwaka 2014 Ford iliita tena Escape za 2001 hadi 2004 katika maeneo ya Marekani yenye chumvi barabarani, kwa sababu fremu ndogo ya mbele ilikuwa ikioza hadi mkono wa chini kuweza kuachia. Mwaka 2023 ilikuwa zamu ya Honda: CR-V za 2007 hadi 2011, zaidi ya nusu milioni, ambapo mkono wa nyuma ungeweza kung'oka kwenye chuma kilicholiwa na kutu. Zote mbili hazina chasisi ya ngazi.

Nafuu ipo moja. Fremu ndogo inafungwa kwa bolti, inaweza kushushwa na kuwekwa nyingine. Lakini bati la sakafu lenyewe likioza, kazi ni kubwa kuliko ya muhimili wa ngazi, maana bati ni jembamba na limeungana na kila kitu.

Kampuni iliyotengeneza gari haiwajibiki?

Wakati mwingine inawajibika, na malalamiko ya wenye magari ndiyo yanayoifikisha hapo. Mfano mkubwa ni wa Novemba 2016, Toyota ilipokubali kumaliza kesi ya pamoja Marekani kuhusu Tacoma za 2005 hadi 2010, Tundra za 2007 na 2008, na Sequoia za 2005 hadi 2008. Ni magari kama milioni 1.5, na thamani ya makubaliano ilikadiriwa kufika dola bilioni 3.4. Chasisi iliyokutwa na tundu la milimita 10 au zaidi ilibadilishwa bure. Kabla ya hapo, mwaka 2012, Chrysler iliita Jeep Liberty za 2004 na 2005 kwa sababu ya mikono ya chini ya nyuma iliyoweza kukatika kwa kutu.

Chukua namba ya chasisi na uitafute kwenye ukurasa wa kampuni au wa mamlaka ya usalama barabarani ya nchi ambako gari liliuzwa likiwa jipya. Utaona kama liliitwa na kama kazi ilifanyika. Fahamu kwamba wito mwingi wa kutu ulihusu maeneo fulani tu na miaka fulani tu, na gari lililohamishwa kwenda nchi nyingine linaweza lisipokelewe bure. Hata hivyo taarifa ile inakusaidia: inakuonyesha kampuni yenyewe ilikubali kwamba sehemu ipi ni dhaifu.

Ukiandika malalamiko, yawe ya ukweli mtupu: namba ya chasisi, kilomita zilizotembewa, sehemu iliyooza, picha zenye tarehe, maandishi ya fundi. Yapeleke kwa kampuni na kwa mamlaka pia. Barua moja inaweza kupuuzwa, lakini mamlaka inayopokea nyingi zinazotaja sehemu ile ile inaanza kuchunguza.

Fundi anasema atachomelea bati. Nikubali?

Inategemea atachomelea juu ya nini. Bati jipya juu ya kutu ni kazi ya kuficha: moto unateketeza rangi ya pande zote, unyevu unabaki katikati, na baada ya muda mfupi kingo za bati zinapasuka. Kazi sahihi ni kukata hadi kufikia chuma kizima, kutengeneza kipande cha unene uleule na umbo lile lile, kukichomelea mshono kamili, kisha kukilinda ndani na nje. Kama baada ya kukata hakuna chuma kizima cha kushikia, muhimili umekwisha. Hapo linazungumzwa suala la chasisi nyingine au la kuachana na gari.

Muulize maswali haya kabla hajawasha mashine. Atatoa nguzo ya betri na kulinda kompyuta za gari? Atasogeza paipu za mafuta na za breki, na kushusha tangi likiwa karibu? Atapima gari lisikae limepinda wakati wa kuchomelea? Ataingiaje ndani ya muhimili kupaka dawa baada ya moto? Fundi mzuri hachukizwi na maswali hayo. Anayesema "usijali" kwa yote manne, chukua ufunguo wako.

Puti ya kuzibia bodi na nyuzi za glasi hazina kazi kwenye chasisi. Yeyote anayezipaka pale anahatarisha maisha ya watu.

Kuna dawa ya kupaka?

Ipo ya kuzuia na kupunguza kasi. Ya kurudisha chuma kilicholiwa haipo.

Dawa za kugeuza kutu, nyingi zikiwa na asidi ya fosforasi au tanini, zinabadili kutu ya juu kuwa tabaka tulivu jeusi linaloshika rangi. Zinafaa baada ya kusugua magamba yote, zikifuatwa na praima na rangi. Ukizipaka juu ya magamba zinageuza ngozi ya juu tu.

Rangi nzito ya lami au ya mpira siipendekezi kwa gari la zamani. Inapendeza ikiwa mpya, lakini inapopata ufa maji yanaingia nyuma yake na hayatoki, na kutu inaendelea gizani bila wewe kujua. Nta, mafuta maalumu ya kuzuia kutu na yale yanayotokana na mafuta ya sufu ya kondoo hayakauki yakawa gamba. Yanatambaa kwenye nyufa, na ukaguzi unabaki rahisi. Yanahitaji kurudiwa kila mwaka au miwili. Muhimu zaidi ni ndani ya mihimili: tumia mrija mrefu wenye kichwa kinachorusha pande zote, uingize kupitia matundu ya kiwandani, baada ya kuosha tope na kuacha kukauke kabisa. Usizibe matundu ya kutolea maji.

Oili chafu ya injini iache. Inadondokea ardhini na kuchafua maji, inaharibu mpira wa bushi, na ina uchafu wa injini ndani yake.

Springi imekatika bila kugonga popote. Inawezekana?

Ndiyo. Springi ya mzunguko hukatika sana kwenye duara la chini, pale inapokalia kikombe. Mchanga na maji hukaa hapo, rangi inachubuka, kutu inachimba kishimo kidogo, na chuma kilichokazwa hivyo hupasuka kuanzia kwenye kishimo. Badilisha mbili kwa pamoja, kushoto na kulia, la sivyo gari litalala upande. Na kabla mpya haijawekwa, safisha na kukagua kikombe chenyewe.

Boljointi imeanza kulegea kidogo. Naweza kusubiri?

Usisubiri. Boljointi ya chini ikiachia, gurudumu linalala na usukani haufanyi kazi tena. Kifuniko cha mpira kikipasuka, maji yanaingia, grisi inatoka na kutu inaanza ndani ambako huoni. Ukikuta mpira umechanika, hesabu kwamba kazi imeshafika.

Nilibadilisha bushi, zikachanika baada ya muda mfupi. Spea mbovu?

Pengine. Lakini muulize fundi bolti zilikazwa gari likiwa wapi. Bushi nyingi za mpira zimeshikamana na bomba la chuma la ndani, na bomba hilo likikazwa halizunguki, mpira ndio unaojisokota. Zikikazwa magurudumu yakiwa yananing'inia, gari likishushwa mpira unabaki umesokotwa muda wote, na unachanika. Bolti hukazwa mwisho wakati uzito wa gari uko kwenye tairi. Ni jambo dogo linalorukwa na gereji nyingi mno.

Kwenye gari lenye kutu, bolti ya bushi pia hugandana na bomba lake. Mara nyingi inabidi kuikata, kwa hiyo nunua bolti mpya pamoja na bushi. Baada ya kazi peleka gari kwenye alaimenti, yaani kupimwa na kurekebishwa mwelekeo wa magurudumu. Ikiwa bolti za kurekebishia zimeganda na mpimaji anasema haiwezekani kurekebisha, tairi zitaendelea kuliwa hadi bolti hizo zikatwe na kuwekwa nyingine.

Saspensheni ya hewa imeshuka upande mmoja.

Mara nyingi ni mfuko wa mpira uliopasuka kwenye mikunjo. Usiliendeshe gari hivyo kwa miezi, kwa sababu pampu inafanya kazi bila kupumzika na itaungua. Kubadili kwenda springi za chuma kunawezekana kwa magari mengi na si dhambi, alimradi springi ziwe za uzito wa gari hilo.

Kutu ikishafika kwenye chasisi, kitu gani kingine nikague?

Paipu za breki, siku hiyo hiyo. Zimepita kwenye chasisi ile ile, ni chuma chembamba zaidi, na hutoboka kwenye klipu zinazozishikilia ambako tope linakaa. Paipu iliyovimba na kuwa na magamba isikwanguliwe "kuona hali", ibadilishwe. Za mchanganyiko wa shaba na nikeli hazishiki kutu kama za chuma na hupindika kwa urahisi wakati wa kuzifunga. Baada ya hapo kagua paipu za mafuta na mikanda inayoshika tangi.

Kuosha chini kunasaidia kweli?

Kunasaidia sana, ukitumia maji baridi yasiyo na chumvi na kwa wingi kuliko presha. Presha kali ikipigwa karibu inabandua nta na kusukuma maji kwenye mpira wa boljointi. Ingiza maji kwenye matundu ya mihimili hadi yanayotoka yawe safi. Gari likikanyaga maji ya bahari lioshwe siku hiyo hiyo.

Nanunua SUV iliyotumika na chini kumepakwa rangi nyeusi mpya.

Gonga kwa nyundo ukiwa na muuzaji. Akikataa, ondoka. Rangi mpya chini ya gari la miaka 15 inaweza kuwa utunzaji wa kweli, na mtu aliyetunza kweli atakuwa na picha za kabla ya kupaka. Angalia pia kama rangi imepita juu ya mipira, klipu na waya. Hiyo ni rangi ya haraka ya kuuzia. Angalia bolti za saspensheni: zikiwa zimeliwa vichwa, chasisi haikubaki salama peke yake.

Lini niseme basi?

Muhimili ukitoboka sehemu zaidi ya moja karibu na saspensheni au usukani, na ukikata hufikii chuma kizima, acha kuliendesha. Si hata "hadi mwisho wa mwezi", wala kwa mwendo wa pole. Injini nzuri, gia nzuri, difu na viti vina wanunuzi. Gari la namna hiyo huuzwa kwa vipande, na mnunuzi anaambiwa wazi kwa nini. Usimuuzie mtu mwingine akaliendeshe na watoto wake bila kujua.

Ikiwa kutu ni ya juu na matundu hayapo, hilo ni gari lenye miaka mingi mbele yake. Anza na kuosha ndani ya mihimili, likaushe, paka nta, kisha uende kwenye boljointi na paipu za breki. Shokapu zinafuata baada ya hapo.